Uzi: Chai ya lumi, kinywaji cha ndimu kavu tunachoweza kukitengeneza wenyewe

BintDarajani:

Assalaam alaykum, heshima kwenu wakuu wote.

Mtu akirudi likizo kutoka Oman, kwenye sanduku hakukosi mfuko wa ndimu kavu. Nyepesi, ngumu, nyingine rangi ya kaki na nyingine nyeusi tii. Wanaopewa huzitia kwenye pilau moja mbili, zilizobaki zinalala kabatini hadi siku ya usafi mkubwa zinatupwa. Inaniuma. Kinachotupwa ni kinywaji kizuri, tena ni kitu ambacho sisi wenyewe, wenye ndimu za kuoza chini ya miti na jua la kutosha, tungekuwa tunakitengeneza. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Naishi Muscat, chai ya lumi nainywa karibu kila siku, na haya ninayoandika nayafanya kwa mikono yangu.

Lumi ni ndimu ile ile tunayoikamulia samaki. Ndogo, ya mviringo, ganda jembamba, yenye mbegu. Si limau na si tunda la ajabu. Inachemshwa kidogo kwenye maji ya chumvi, kisha inaanikwa juani wiki kadhaa mpaka maji yote yatoke, ibaki gamba gumu na ndani yake nyama iliyosinyaa, ya rangi ya kahawia au nyeusi. Weusi ule si uchafu wala si rangi ya kutiwa. Sukari na asidi za ndimu hubadilika taratibu kwa joto na hewa, na kadiri ndimu ilivyokaa juani ndivyo inavyokolea.

Ukiipasua, harufu inayokupiga si ya ndimu mbichi. Uchachu upo, lakini nyuma yake kuna moshi kidogo na utamu wa kitu kilichochachuka. Harufu hiyo huwezi kuipata kwa kukamulia ndimu mbichi kwenye chai, ndiyo inayowafanya watu wa Ghuba waweke lumi kwenye mchuzi, kwenye supu ya samaki, kwenye wali wa machbusi. Wairani wanaitia kwenye mboga yao ya majani, ghormeh sabzi, nao wanaiita ndimu ya Oman.

Chai yenyewe haina majani ya chai. Chukua lumi mbili kwa nusu lita ya maji. Zisuuze zitoke vumbi, zifunge kwenye kitambaa safi, zigonge na mchi mara moja mbili zipasuke tu, usizisage. Fungua kitambaa, toa mbegu zote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu mbegu ikichemka inatoa uchungu unaokaa kooni. Maji yakichemka tia vipande, punguza moto, acha dakika tano, zisizidi kumi. Ukichemsha nusu saa ukidhani unapata nguvu zaidi, unapata uchungu wa ganda basi. Chuja, tia sukari au asali, kunywa. Rangi inakuwa ya kaharabu ikiwa lumi ni za kaki, na kahawia iliyokolea zikiwa nyeusi. Mimi napenda za kaki kwa chai na nyeusi kwa mchuzi.

Wakati wa joto huku, jua likipita nyuzi 40, tunaichemsha asubuhi, tunaiacha ipoe, inaingia kwenye friji, jioni inanywewa na barafu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.


MchungwaMuheza:

Mleta mada, ubarikiwe. Umegusa pale panapotuuma wakulima. Huku kwetu Muheza watu wanajua machungwa, lakini kwenye mashamba mengi ndimu zipo, na baada ya masika zinakuwa nyingi mpaka mnunuzi anakwambia gunia la ndimu hataki hata kwa bei ya kubebea. Zinaanguka, zinaoza pale pale. Kiangazi kikifika ndimu hizo hizo zinatafutwa kwa tochi. Mwaka 2020 kila mtu alipokuwa anajifukiza na kunywa malimao na tangawizi, bei ilipanda hadi wengine tukapata ada za watoto, kisha mambo yakarudi vile vile.

Sasa naomba unielekeze kukausha hatua kwa hatua. Chumvi kiasi gani, siku ngapi, na kilo ngapi mbichi zinatoa kilo moja kavu? Maana nisije nikaanika gunia zima nikapata kikapu.


BintDarajani:

Kaka wa Muheza, karibu sana. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo la pesa. Ndimu karibu yote ni maji. Kilo 10 za mbichi usitegemee zaidi ya kilo moja na ushee ya kavu. Kwa hiyo hesabu yako ianze pale: bei ya kilo moja kavu lazima ibebe kilo kumi mbichi, chumvi, kuni na muda. Ndimu zikiwa za kununua kiangazi, hailipi. Zikiwa zile zinazooza, hapo ndipo penye faida.

Chagua ndimu zilizokomaa, zilizoanza kuchukua umanjano, ndogo ndogo, zisizo na jeraha wala alama ya kudungwa na wadudu. Ndimu iliyochubuka inaingia ukungu kabla haijakauka, na ukungu wake unahamia kwa jirani. Zilizoanguka chini usichukue bila kukagua moja moja. Afadhali kuzichuma mtini.

Zioshe. Chemsha maji na chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa lita moja ya maji kinatosha. Yakitokota, tumbukiza ndimu. Utaziona zinaacha kijani cha kung'aa na kuwa kijani kilichofifia cha kijeshi, hapo ni kama dakika tano. Zitoe zikiwa nzima, kabla hazijaanza kupasuka. Moto ule unaua wadudu na ukungu wa juu ya ganda, na unalilegeza ganda ili maji ya ndani yapate njia ya kutoka. Ndimu isiyochemshwa inakauka pia, lakini inachukua muda mrefu zaidi, na kwa hewa ya pwani inaoza kabla.

Kisha zianike kwenye chanja, si chini. Wavu uliokazwa kwenye fremu ya mbao unafaa, hewa ipite juu na chini. Jamvi juu ya saruji linashika jasho upande wa chini. Zigeuze kila siku, na jua likianza kuzama ziingize ndani au zifunike, umande ni adui. Kwa jua zuri huku kwetu ni wiki tatu mpaka nne. Kwa pwani ya Tanga usishangae zikifika sita.

Utajua zimekauka kwa mkono na kwa sikio. Ishike: haina uzito. Igonge kwa kucha: inalia kama kitu kitupu. Itikise karibu na sikio: mbegu zinacheza ndani. Kisha pasua mojawapo uangalie. Ndani pawe pakavu, nyama imenata kwenye kuta za ganda, hakuna nyuzi nyeupe wala unga wa kijani. Ukiona unyevunyevu, rudisha zote juani.


KiangaziDodoma:

Nimekuwa nikikausha mboga na maembe huku Dodoma, na ndimu nilishajaribu kwa maelekezo ya shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi Salala, huko Oman. Nakubaliana na mleta mada karibu yote, nina la kuongeza kuhusu hewa.

Kinachokausha si jua peke yake, ni hewa kavu. Huku kuanzia Juni mpaka Oktoba hakuna mvua, upepo unavuma mchana kutwa, ndimu zinakauka vizuri bila mimi kuhangaika. Mtu wa pwani ana jua kali lakini hewa yake imebeba maji. Kwa hiyo ndugu wa Muheza, tengeneza kaushio: sanduku la mbao lenye karatasi ya nailoni angavu juu, matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, lote limepakwa rangi nyeusi ndani. Joto linapanda, hewa yenye unyevu inatokea juu. Linazuia pia nzi na vumbi la barabarani. Vumbi ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu lumi inachemshwa na ganda lake.

La pili, watu wana tabia ya kuzitoboa ndimu kwa sindano zikauke haraka. Kila tundu ni mlango wa ukungu. Mimi sitoboi.


Mvita_Jikoni:

Salaam kutoka Mombasa. Nimepika Doha katika jiko ambalo mkuu wetu alikuwa Mwiraqi, na chai hii nimeijua kwake. Wao wanaiita chai ya nuumi Basra, kwa kuwa ndimu hizo zilikuwa zikishushwa bandari ya Basra zikitoka kwa Waomani. Yule mzee alikuwa hamalizi mlo mzito wa kondoo bila kuinywa. Vijana wa jikoni wakilalamika tumbo limejaa gesi, hakuwapa kitu kingine.

Namna yake inatofautiana kidogo na ya dada Darajani. Alikuwa anapasua lumi, anatoa mbegu, halafu anaondoa na ule utando mweusi unaoshikilia mbegu katikati, anabakiza ganda na nyama iliyonata. Anatia kwenye birika dogo na maji ya moto, anaweka birika juu ya moto mdogo sana pembeni. Halichemki, linatetema tu. Anamimina kwenye vile vikombe vidogo vya kioo vilivyobana kiunoni, istikana, na sukari inakaa chini ya kikombe haikorogwi mpaka mwenyewe mnywaji aikoroge. Unaanza na uchachu, unamaliza na utamu.

Baghdad kuna mkahawa mkongwe, Shabandar, mtaa wa Mutanabbi kwenye soko la vitabu, ulioanza mwaka 1917. Uliharibiwa kwa bomu Machi 2007 na mwenyewe akapoteza wanawe pale, lakini ukajengwa upya. Wasomi wa mji hukaa pale wakizungumza vitabu na chai ya ndimu kavu mbele yao. Mzee wetu alipokuwa akiutaja mkahawa ule alikuwa anaacha kisu chini kwanza.


ShangaziKibokoni:

Watoto wangu, someni na hili la kwetu. Kukausha ndimu kwa chumvi Mwambao si jambo jipya. Achari ya ndimu tunaianika juu ya dari tangu na tangu: ndimu zinachanjwa, zinajazwa chumvi, zinakaa kwenye chupa siku kadhaa, kisha juani kwenye sinia mpaka zilegee na zikauke kiasi, ndipo pilipili na siki vinaingia. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alilishwa Mogadishu wali wa samli, na pembeni yake ndimu za chumvi, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa akazitaja ndizi na ndimu miongoni mwa miti ya kisiwa. Karibu miaka 700 hiyo.

Kwa hiyo tukisema lumi ni ya Waarabu sisi tunaiga, si kweli sana. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na kusi yamebeba boriti na nazi. Watu wakioana, wakilishana. Tofauti ni kuwa wao waliikausha mpaka mwisho na sisi tukasimama kwenye achari. Mwenye mkono wa kutengeneza achari, lumi haimshindi.


MjukuuWaMganga:

Wakuu mnaongea mapishi tu, mnaacha dawa. Hii chai ya ndimu kavu inayeyusha mafuta ya tumbo, inashusha sukari, inasafisha figo na ini, na mwenye presha akiinywa asubuhi kabla ya kula anaacha vidonge. Nina watu wameshapona. Wanaohitaji waje inbox.


NesiMakorora:

Mjukuu, kwa heshima zote, kauli ya "anaacha vidonge" usiirudie mbele ya watu. Nimefanya kazi wodini na nimewapokea waliopooza upande mmoja baada ya kuacha dawa za presha kwa sababu ya kinywaji fulani walichoambiwa. Hakuna chai ya ndimu inayochukua nafasi ya dawa ya presha wala ya kisukari.

Niseme kinachosemeka. Maji ya moto yenye uchachu baada ya mlo mzito yanamfanya mtu ajisikie mwepesi, na wengi wanapata nafuu ya kichefuchefu. Haina kafeini, kwa hiyo asiyepata usingizi akinywa chai ya majani jioni anaweza kunywa hii. Ikichukua nafasi ya soda, mtu amepunguza sukari, mradi asijaze vijiko vinne kikombeni. Hayo yanatosha kuifanya iwe kinywaji kizuri. Vitamini C usiitegemee humo: jua la wiki kadhaa na kuchemshwa mara mbili havibakizi nyingi. Ukitaka vitamini C, kamulia ndimu mbichi kwenye kachumbari au kula pera.

Tahadhari nazo zijulikane. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara au vidonda vya tumbo, uchachu huu utamchokoza. Meno vilevile: asidi ya ndimu inalainisha ganda la jino, kwa hiyo ukimaliza sukutua na maji matupu, usipige mswaki hapo hapo. Lumi zilizochemshwa kwenye chumvi nyingi zisuuzwe vizuri kwa wenye presha. Na wanaotumia dawa: balungi linajulikana kugongana na baadhi ya dawa, kama simvastatini ya mafuta ya damu na nifedipini ya presha, na ndimu zina kemikali za jamii hiyo hiyo. Kikombe kimoja baada ya chakula si sawa na birika kila siku. Muulize mfamasia wako.

La mwisho ni kwa mnaokausha wenyewe. Maji ya ndimu mbichi yakibaki mikononi kisha ukakaa juani, ngozi inaungua, inatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kwenye chanja, hasa watoto.


BintDarajani:

Ahsante sana dada Nesi. Ningeomba Mjukuu asichukuliwe kama adui, lakini uzi huu ni wa kinywaji, si wa kuuza tiba. Huku Oman wazee wanampa mtoto aliyevimbiwa vijiko viwili vitatu vya maji ya lumi, na mtu mzima mwenye mafua wanamtilia asali. Hapo ndipo wanapoishia. Sijamwona mtu wa huku akiacha hospitali kwa ajili ya lumi.


KiangaziDodoma:

Niongeze kwenye la Nesi: ukungu. Nilishanunua lumi duka moja, nje zinapendeza kabisa. Kuzipasua, ndani unga wa kijivu. Sumukuvu tunayoisikia kwenye mahindi na karanga nayo inatokana na ukungu, na haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo kanuni yangu: lumi haiingii sufuriani nzima bila kupasuliwa na kuangaliwa, hata kwenye mchuzi. Unga wa lumi uliosagwa tayari sinunui, kwa sababu huwezi kujua kilichosagwa.


MchungwaMuheza:

Nimesoma kila neno. Swali la kizembe kidogo: kwa nini sasa Waomani watafute ndimu za wengine wakati lumi ni yao? Nimeona pakiti moja Dar imeandikwa bidhaa ya Guatemala.


BintDarajani:

Si la kizembe hata kidogo, na kwako wewe mwenye shamba ni swali la muhimu kuliko yote humu.

Ndimu ilikuwa zao la pili Oman baada ya mtende. Pwani ya Batina, kutoka upande wa Barka kwenda Sohar, na kwenye vijiji vya milimani vinavyomwagilia kwa mifereji ya falaj, ndimu zilipandwa chini ya mitende ili zipate kivuli na maji yale yale. Miaka ya 1970 ukaonekana ugonjwa ambao wataalamu wanauita ufagio wa mchawi. Tawi linatoa vichipukizi vingi vyembamba vilivyosongamana, majani madogo yaliyopauka, hayazai tena, na mti unakufa baada ya miaka michache. Unasababishwa na kijidudu kidogo kiitwacho fitoplasma kinachokaa kwenye mishipa ya mti na kusambazwa na mdudu anayefyonza majani. Miti mingi mno ilikufa. Mwaka 1989 ugonjwa ukaonekana Falme za Kiarabu, 1997 ukaonekana Iran. Nimetembea mashamba ya Batina ambayo wazee wanakuonyesha mahali palipokuwa na ndimu, sasa ni mitende mitupu na majani ya ng'ombe.

Soko halikufa pamoja na miti. Watu wa Ghuba waliendelea kuitaka lumi, na Guatemala, ambao tayari walikuwa wakiuza iliki nyingi kwa Waarabu, wakaanza kukausha ndimu zao na kuzileta. Zinatoka upande wa pili wa dunia, zinavuka bahari mbili, zinauzwa soko la Matrah hapa Muscat. Sisi Tanga, Pemba, Kilifi tuko jirani wa majahazi, ndimu zetu zinaoza. Hapo ndipo roho yangu inapouma.


MchungwaMuheza:

Basi nimwambie mwanangu aliyeko Muscat aniletee miche ya ndimu ya huko yenye asili ya lumi?


BintDarajani:

Hapana kaka, nakuomba sana, hapana. Usilete mche, usilete kijiti cha kupandikiza, hata jani. Ugonjwa ule unasafiri na vitu hivyo hivyo, na mti unaweza kuonekana mzima huku umeshaubeba. Isitoshe huhitaji. Ndimu yako ya Muheza ndiyo ile ile ya Oman, yenye mbegu na ganda jembamba. Lile ndimu kubwa lisilo na mbegu halinifurahishi kwa lumi, ganda lake ni nene na harufu yake ni hafifu.


Xiaobei_Mizigo:

Niko Guangzhou kwenye shughuli za mizigo, nimeona nichangie. Wachina wa jimbo hili la Guangdong wana yao inayofanana. Wilaya ya Xinhui wanachukua chenza, wanalimenya ganda lifunguke vipande vitatu vilivyoshikana chini, wanaanika, kisha wanalihifadhi. Wanaliita chenpi. Halihesabiki kuwa chenpi mpaka litimize miaka mitatu, na la miaka ishirini bei yake utadhani unanunua dhahabu. Wanalichemsha peke yake au na chai nyeusi ya Yunnan, pu'er. Wengine wanalitoboa chenza dogo la kijani, wanatoa nyama, wanajaza chai ndani, wanakausha zima.

Nilichojifunza kwao ni kuwa hawauzi ganda, wanauza mahali na mwaka. Kila mfuko umeandikwa shamba na mwaka wa kuchuma. Kaka wa Muheza, ukianza, andika Muheza kwa herufi kubwa juu ya pakiti.


MamaNasra_Ilala:

Naomba kuuliza, mimi na watoto tumezoea chai ya maziwa. Naweza kuchemsha lumi na maziwa? Na je, majani ya chai kidogo?


Mvita_Jikoni:

Mama Nasra, maziwa yatakatika, utapata mabonge juu na maji chini. Usitie. Majani ya chai ukipenda weka kidogo sana mwishoni, lakini usishangae rangi ikififia, uchachu unaipausha chai. Watoto wajaribishe na mchaichai: shina moja lililopondwa pamoja na lumi moja kwa lita, sukari kiasi, ikipoa wape na barafu. Iliki punje mbili inakaa vizuri pia. Tangawizi mimi siitii, inaimeza harufu ya lumi na ndiyo tunayoitafuta.


ShangaziKibokoni:

Mvita, mdalasini kipande kidogo ujaribu. Karafuu moja, isizidi.


MchungwaMuheza:

Mwenye uzoefu wa kuuza, nani hasa atanunua hapa nchini? Nisije nikakausha nikabaki nazo.


KiangaziDodoma:

Anza na migahawa ya Kiarabu na ya Kiirani Dar, wao wanaagiza kutoka nje. Kisha maduka ya viungo Unguja, wageni wananunua kila kitu kinachonukia. Peleka sampuli chache zilizopasuliwa na chache nzima, mteja aone ndani. Ukimpa nzima tu atakutilia shaka, na ana haki. Chagua ukubwa unaolingana kwa kila mfuko, hicho ndicho wanachoangalia kwanza.


BintDarajani:

Na usiwe na haraka ya kusaga. Nzima inakaa mwaka na zaidi kwenye chupa au debe linalofungwa kikamilifu, mbali na mvuke wa jiko. Ikishasagwa harufu inaondoka ndani ya wiki chache. Ukitaka kuuza kwa watu wa chai, pakia zilizopasuliwa na kutolewa mbegu, mfuko mdogo, uandike tarehe ya kupasua. Kazi ya kutoa mbegu ndiyo watu wasiyoipenda, watailipia.


MchungwaMuheza:

Nimeelewa. Fundi mbao nimeshaongea naye kuhusu lile kaushio la KiangaziDodoma, anataka nimpe vipimo. Mkuu, urefu na upana ulitumia ngapi, na matundu ya hewa ukubwa gani? Msimu ukifika naanza na ndoo mbili tu, za mtini. Zikipasuliwa nitaweka picha za ndani humu, muone wenyewe.


KiangaziDodoma:

Langu ni mita moja na nusu kwa mita moja, kina sentimita 40 nyuma na 25 mbele ili mfuniko uiname na mvua itiririke. Hapo kwako Tanga uelekeze upande wa mbele, ule wa sentimita 25, kaskazini, maana miezi ya katikati ya mwaka jua linakuwa upande huo. Matundu weka manne chini na manne juu, kila moja upana wa kiganja, yote yazibwe na wavu wa mbu. Chanja mbili kwa ndani, ya juu na ya chini, na kila siku uzibadilishane nafasi. Ya juu inakauka haraka zaidi.